Je, Wajua? Mashine Inayokimbiza Moyo na Kuyahurumia Magoti

Ukipanda eliptiko, mashine ya mazoezi ya kukanyaga pedali, nyayo zako haziziachi hata mara moja, na hapo ndipo ubora wake ulipo. Mtu anayekimbia barabarani huruka kidogo kwa kila hatua, kisha hutua kwa mguu mmoja, na ardhi humrudishia nguvu ya mara mbili hadi tatu ya uzito wake. Mwenye kilo 80 basi hupokea mguuni mzigo wa kilo 160 au zaidi, hatua baada ya hatua. Kwenye eliptiko hakuna kutua. Mguu unazunguka, moyo unadunda kwa kasi, kishindo hakipo.

Wazo hilo linahusishwa na Larry Miller, mhandisi Mmarekani aliyewahi kufanya kazi katika kampuni ya magari ya General Motors. Inasimuliwa kwamba alimrekodi binti yake kwa video akikimbia kando ya gari, akachunguza njia ambayo mguu hupita, kisha akatafuta mtambo wa kuifuata. Kampuni ya Precor ililichukua wazo lake, na mwaka 1995 ikaingiza sokoni mashine iliyoitwa EFX.

Umbo la njia hiyo ya mguu hupatikana kwa werevu unaopendeza. Mkono wa chuma unaobeba pedali umefungwa upande mmoja kwenye gurudumu linalozunguka. Upande wa pili unateleza mbele na nyuma juu ya reli. Ncha moja inachora duara, nyingine inachora mstari. Pale katikati, unapokanyaga wewe, panachorwa duaradufu. Na ugumu unaouongeza kwa kubonyeza kitufe, katika mashine nyingi, hutoka kwa sumaku. Zikisogea karibu na gurudumu la metali, mzunguko wake huzalisha umeme ndani ya metali hiyo, na umeme huo huupinga mzunguko uliouzaa. Breki haigusi kitu, ndiyo maana mashine haipigi kelele.

Je, inafanya kazi? Kwa moyo na mapafu, ndiyo, bila shaka. Watafiti waliopima hewa wanayovuta watu wamekuta kwamba mtu akijituma kwa kiwango kilekile, eliptiko humtumisha oksijeni kwa kiasi kinachokaribiana na cha mashine ya kukimbilia. Misuli ya mbele ya mapaja hufanya kazi kubwa kuliko katika kutembea. Kwa hiyo mwenye goti bovu asidhani amepewa ruhusa ya kukaza ugumu hadi mwisho: kishindo kimeondoka, lakini goti bado linakunjwa likiwa na mzigo. Aanze taratibu, na amwone mtaalamu wa fiziotherapia.

Wengi hupoteza faida hiyo ya moyo na mapafu mikononi. Hulala juu ya vishikio, wakaacha ugumu chini kabisa, na gurudumu zito likishashika kasi lenyewe linaisukuma miguu. Jasho linaweza kutoka, hasa Dar es Salaam au Mombasa, lakini jasho linapima joto tu. Simama wima, sukuma na kuvuta vishikio kwa nguvu, na uongeze ugumu hadi uweze kuongea lakini usiweze kuimba.

Sasa kuhusu kupungua uzito, ambako ndiko watu wengi huvunjika moyo, na inaniuma kuwaona wakiacha. Kioo cha mashine huelekea kukuhesabia kalori nyingi mno. Mtu wa kilo 70 akifanya nusu saa kwa juhudi ya wastani hutumia takriban kalori 175, na kati ya hizo kama 35 angezitumia hata akikaa kitini. Zinabaki 140. Chapati moja nene ya mafuta inazizidi. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina kalori kama 7,700. Kwa siku tano kila wiki, bila kubadili chakula chochote, hesabu inakupa kilo moja kwa wiki 11 hivi. Na anayeshuka mashineni na kuagiza soda kubwa amefuta kazi yake kabla hajabadili nguo. Uzito hushuka hasa sahanini. Wala hakuna mashine inayochagua mafuta ya tumbo peke yake.

Lakini mizani haioni kila kitu. Mafuta yanayozunguka viungo vya ndani, yanayohusiana na kisukari na maradhi ya moyo, yanaweza kupungua hata kilo zikigoma. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 za juhudi ya wastani kwa wiki, na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Hizo siku mbili mtumiaji wa eliptiko anazihitaji sana, kwa sababu mifupa huimarishwa na mzigo na kishindo, na kishindo ndicho mashine hii imekiondoa.

Badala ya kupanda mizani kila siku, zungushia kiuno futi ya fundi cherehani mara moja kwa mwezi. Na asubuhi, kabla hujatoka kitandani, hesabu mapigo ya moyo kwa dakika moja. Moyo uliozoezwa husukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, hivyo idadi hiyo hushuka kadiri miezi inavyokwenda.