Umeme Ukikatika, Mulango Uko Wapi?



Hapa Mutoshi, krezeri mwenye akili hashuke ndani ya shimo bila kupima torshi yake. Anaiwasha pale juu, anaangalia kama mwangaza iko na nguvu, ndipo anashuka. Lakini mutu huyohuyo akiingia jioni ndani ya kanisa, ndani ya lupitalo ao ndani ya jumba la ndoa, hainue macho kuangalia ile taa ndogo iko juu ya mulango. Na wenye kuchunga jengo, mara nyingi nao hawaiangalie. Inafaa tuzungumuze juu ya taa ile, sababu siku ya hatari ndiyo itaonyesha watoto wetu njia ya kutoka.

Ile taa ni ya nini?

Taa ya dharura iko na batri ndani yake. Wakati umeme wa SNEL uko, inajaza batri yake na kunyamaza. Umeme ukikatika, inawaka yenyewe papo hapo, bila mutu kuigusa. Kuko zilizotengenezwa kuangaza saa moja, zingine saa tatu. Haziko kwa kuendeleza sikukuu. Ziko ili watu waone mulango na ngazi, watoke polepole.

Wengine wanasema: “Sisi tuko na grupu.” Ni vizuri. Lakini grupu, mara nyingi, inaomba mutu aende kuiwasha. Katika zile dakika mbili tatu za giza, mama anatafuta mutoto, muzee anaanguka, watu wanakanyagana.

Si maneno ya kuogopesha watu bure. Tarehe 28 Novemba 1942, kule Boston, Marekani, moto ulishika jumba la dansi lenye kuitwa Cocoanut Grove. Taa zilizimika, watu walikuwa wengi kupita kiasi, milango mingine ilikuwa imefungwa na ufunguo. Watu 492 walikufa. Kisha musiba ule, sheria kule zilikazwa juu ya taa za dharura na alama za milango ya kutokea.

Na sisi je? Tuko karibu na barazi za Nzilo na Nseke, zilizojengwa katika miaka ya 1950. Tangu 1982 waya wa kutoka Inga unafika hapa Kolwezi, karibu kilometa 1.700. Hata vile, delestaji sisi wote tunaijua. Kwa hiyo taa ya dharura kwetu inatumika zaidi kuliko pahali umeme haukatiki, na inachoka mbio zaidi.

Nukta ya mwangaza inaweza kudanganya

Taa nyingi ziko na nukta ndogo ya kijani ao nyekundu. Watu wanaiona inawaka, wanasema: “Taa ni nzima.” Hapana! Nukta ile inaonyesha tu kwamba umeme unafika. Haionyeshe kama batri inaweza kubeba muzigo. Batri iliyokufa inaweza kukaa pale miaka, nukta inawaka, na siku umeme unakatika, giza tupu. Kipimo cha kweli ni kimoja: kata umeme, uangalie.

Kutafuta ugonjwa wa taa

Fundi akikata umeme na taa inakataa, atafute kwa utaratibu:

1. Nukta haiwake hata umeme ukiwa pale. Umeme haufike. Angalia disjonkta, fizibule, na waya wenye kuingia ndani ya taa.

2. Nukta inawaka, lakini taa haiwake. Angalia ampulu kwanza, sababu ni bei ndogo. Kisha angalia pahali batri inaunganishwa: kama kuko unga mweupe ao wa kijani, ni kutu, waya haushike. Mwisho, pima batri yenyewe. Batri za namna hii mara nyingi zinadumu karibu miaka mine. Joto chini ya mabati na delestaji vinapunguza miaka ile.

3. Taa inawaka kisha dakika chache inazimika. Batri imezeeka, ao haikupata wakati wa kujaa. Acha umeme saa 24 nzima, kisha pima tena. Ikizimika tena mbio, badilisha batri.

4. Taa inawaka kila mara mutu anazima taa za chumba na swichi. Hapa ugonjwa uko katika waya. Taa ilifungwa nyuma ya swichi. Kila usiku mulinzi akizima, batri inajimwanga; asubuhi iko tupu. Waya wake unapaswa kutoka mbele ya swichi.

5. Taa za chumba zimekufa sababu disjonkta yao imeanguka, lakini taa ya dharura inanyamaza. Inakula umeme wa laini ingine, haijue kwamba chumba kiko gizani. Inapaswa kufungwa kwa laini ileile ya taa za chumba chake.

Mambo ya kukataza

Usitie batri za torshi za kawaida pahali pa batri ya kujazwa: zinaweza kupata joto, kuvuja, hata kupasuka. Batri ya zamani usiitupe ndani ya moto wala pahali watoto wanachezea. Nyingi ziko na kadimiyumu, na ile ni sumu. Na mutu asifungue taa mbele ya kukata umeme. Batri ni ndogo, ndiyo, lakini ule umeme wa ukuta unaua.

Nani atafanya kazi hii?

Kazi ya watu wote ni kazi ya hakuna mutu. Chagueni mutu mumoja katika kila jengo, mupatie daftari. Kila mwezi akate umeme kidogo, azunguke taa zote, aandike tarehe na taa gani imekataa. Mara moja kwa mwaka aache ziwake mupaka saa yao itimie. Afanye vile muchana, jengo likiwa tupu, sababu kisha kipimo kile batri inaomba saa 24 mbele ya kuwa tayari tena.

Na kama umeme ulikosa muchana muzima, na jioni kuko mukutano ao ndoa? Hesabuni taa zile kama zimekufa. Simamisheni vijana na torshi nzima kwa kila mulango. Mishumaa karibu na mapazia na watoto, hapana.

Na milango je? Kule Kyanguli, karibu na Machakos, Kenya, wanafunzi 67 walikufa katika moto wa bweni mwezi wa Machi 2001. Mulango mumoja ulikuwa umefungwa. Taa inaonyesha mulango, haiufungue. Mbele watu hawajaingia, mwenye ufunguo afungue milango yote, aondoe viti na magunia njiani.

Juma hili, ukiingia ndani ya jengo lako, inua macho juu ya mulango. Uulize mwenye kulichunga: “Taa ile, walipima siku gani?” Akikosa jibu, muanze naye siku ileile.