Nguruwe Mwitu Shambani: Gharama ya Msako na Hesabu ya Nyama Yake

Mahindi yanapoanza kubeba katika mashamba ya Kilwa na Lindi, na mihogo inapokuwa imenenepa ardhini, maombi ya aina moja hufika mezani kwa makatibu wa vyama vya msingi: wanachama wanataka msako wa nguruwe mwitu. Aghalabu maombi hayo huja na hoja inayosikika kuwa ya busara. Husemwa kwamba chama hakitatoa hata senti moja, kwa kuwa nyama ya nguruwe watakaouawa itauzwa, na fedha zake zitalipa wasasi, risasi na usafiri. Yafaa hoja hiyo ipimwe kwa hesabu kabla haijaingia katika muhtasari wa kikao, kwani chama kikiikubali bila kuipima huweza kujikuta na deni, na ugomvi juu ya deni hilo.

Kwanza mnyama mwenyewe. Nguruwe mwitu si ngiri. Ngiri hutembea mchana, hula majani zaidi, na hulala katika mashimo. Nguruwe mwitu hujificha mchana kutwa katika vichaka vizito, na usiku hutoka kwa kundi, pengine sita, pengine kumi au zaidi. Hufukua mihogo kwa pua, huangusha mahindi, huchimbua karanga, na huharibu zaidi ya anachokula. Jike hubeba mimba kwa muda wa miezi minne hivi, huzaa watoto watatu au wanne, na mara nyingine zaidi. Kwa hiyo kuua nguruwe mmoja katika kundi la kumi si kulimaliza tatizo. Ni kulihamishia shamba la jirani kwa majuma machache.

Sasa hesabu. Tuchukue mfano wa chama kinachotoa watu 24 kwa msako wa siku mbili. Hizo ni siku za kazi 48. Kabla ya hapo mtu mmoja amekwenda wilayani mara tatu kufuatilia ruhusa. Jumla ni siku 51. Tuseme msako umekwenda vizuri, nguruwe wawili wameuawa, kila mmoja wa kilo 60. Ukiondoa ngozi, kichwa, matumbo, kwato na mifupa, nyama inayobaki haizidi sana nusu ya uzito, yaani kilo 60 kwa wote wawili. Basi kila siku moja ya kazi ya mtu mzima, katika msimu wa palizi au mavuno, imeleta nyama ya kilo moja na kitu kidogo. Katibu na aweke hapo ujira wa kibarua wa kijijini kwake na bei ya nyama ya sokoni kwake, aone mizani inaelekea wapi. Na bado hajaandika risasi, ada ya kibali, posho ya askari wa wanyamapori ikiwa inahitajika, mafuta ya gari, wala mbwa aliyepasuliwa tumbo kwa meno ya dume lililojeruhiwa. Huo ni msako uliofanikiwa. Misako ambayo watu hurudi mikono mitupu nayo ina gharama ile ile ya siku, na haina nyama ya kuiweka upande wa pili wa daftari.

Nyama yenyewe haingoji. Nguruwe akiuawa alfajiri nyuma ya Njinjo au Mandawa, jua la pwani likishapanda, muda wa kumfikisha kwa mnunuzi ni wa saa chache tu. Barafu haipo shambani. Nyama inayobanikwa au kutiwa chumvi hudumu zaidi, lakini hupungua uzito na kudai kuni, chumvi na mtu wa kukaa nayo. Na mnunuzi yuko wapi? Wanachama walio wengi katika vijiji vya mwambao ni Waislamu, na kwao nyama hiyo ni haramu. Walaji wapo katika miji midogo kama Kilwa Masoko na Nangurukuru, wengi wao watumishi na wafanyabiashara waliotoka bara, na wapo zaidi katika barabara ya Masasi, upande wa Nyangao na Ndanda, ambako misheni za Wabenediktini zina zaidi ya miaka mia moja. Huko nyama ya nguruwe wa kufugwa, ile ambayo mitaani huitwa kitimoto, nayo inauzwa. Nyama ya porini iliyosafiri nusu siku haina budi kushindana nayo.

Jambo la dini linastahili kuangaliwa kwa makini zaidi kuliko linavyoangaliwa, kwa kuwa linagusa mali ya chama. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, nguruwe ni najisi nzito: kilichoguswa na nyama au damu yake mbichi huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Mizani ya chama ndiyo inayopima ufuta na mbaazi za mwanachama. Ghala la chama ndilo linalohifadhi korosho zake. Magunia, turubai na gari la kukodi hutumiwa na wote. Mwenyekiti mmoja mwenye haraka akiamuru nyama ya nguruwe ipimwe kwenye mizani hiyo, au ilazwe ghalani usiku mmoja, amekwisha kuwafungia mlango wanachama wake, na hawatakuwa na kosa wakikataa kuleta mazao. Gharama hiyo haionekani katika hati yoyote ya malipo. Chama kikiamua kuhusika na nyama, vifaa vyake viwe mbali tangu mwanzo, na kazi ya kuchuna na kubeba wapewe wanaoiridhia kwa hiari. Muislamu anaweza kushiriki kulinda shamba lake bila kulazimishwa kugusa mzoga.

Sheria nayo ina sehemu yake katika gharama. Wanyamapori wote ni mali ya umma chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1974. Sheria hiyo inamtambua mtu aliyeua mnyama kwa kulinda uhai au mali yake, lakini haina budi taarifa itolewe, na ruhusa ya kumfukuza au kumwua mharibifu si ruhusa ya kumwuza. Hapo ndipo hoja ya nyama kulipa gharama inapovunjika hata kabla ya msako kuanza. Kuuza nyamapori kuna kanuni zake zilizotungwa mwaka 2020, ambazo zilifungua njia ya kuwapo kwa bucha za nyamapori zenye leseni. Nyama inayouzwa chini ya mwembe bila karatasi yoyote ni nyama ya ujangili machoni pa askari, hata kama shamba lililoliwa ni la muuzaji mwenyewe. Kadhalika sumu, mashimo na mitego ya waya ni njia zilizokatazwa, na bunduki haina budi iwe imesajiliwa na mwenyewe awe na leseni yake. Matumizi ya mbwa na nyavu yaulizwe kwa afisa wanyamapori wa wilaya, na jibu lake lipatikane kwa maandishi.

Huenda mwanachama mzee akasema kwamba zamani watu waliwinda kwa nyavu bila kumwuliza mtu, na mashamba yakapona. Hasemi uongo. Mwanahistoria Thaddeus Sunseri, katika makala yake ya mwaka 1997 juu ya Uzaramo, ameeleza jinsi utawala wa Kijerumani ulivyoyabana mawindo ya asili na kuwaondoa wanaume majumbani kwa kazi, wanawake wakabaki kulinda mashamba dhidi ya nguruwe, na njaa ikafuata. Analiweka jambo hilo miongoni mwa mambo yaliyotangulia Vita vya Majimaji katika nchi ile. Vita vyenyewe vilianzia upande huu wa kusini ya Rufiji, katika vilima vya Umatumbi ambavyo leo vimo wilayani Kilwa, ambako Julai 1905 wananchi wa Nandete waling'oa pamba ya serikali. Ulinzi wa shamba dhidi ya nguruwe, basi, ni kazi inayokula nguvu za kijiji kizima, na zilipopunguzwa nguvu hizo zamani zile, mashamba yaliliwa.

Kuna gharama nyingine ambayo haiandikiki kwa shilingi. Mkulima asiye na msako wala wigo hulala shambani, katika dungu la miti na makuti, akipiga debe usiku kucha. Mwaka 2005 watafiti Craig Packer, Dennis Ikanda, Bernard Kissui na Hadas Kushnir walichapisha katika jarida la Nature hesabu ya mashambulizi ya simba nchini: tangu mwaka 1990 watu zaidi ya 563 walikuwa wameuawa, na wasiopungua 308 wamejeruhiwa. Sehemu kubwa ya maafa hayo ilikuwa ya kusini, na Lindi ilikuwamo. Mashambulizi yalizidi katika miezi ya mavuno, Machi hadi Mei, na yalikuwa mengi zaidi palipokuwa na nguruwe mwitu wengi na wanyama wengine wachache. Sababu yake si ngumu kuielewa. Simba humfuata nguruwe hadi shambani, na shambani humkuta mtu amelala katika dungu lisilo na ukuta. Mwanachama anapoomba msako mwezi wa Februari, inawezekana kwamba anaomba zaidi ya kulindiwa mahindi.

Kwa hiyo msako hauwezi kukataliwa kwa sababu tu una gharama. Kinachotakiwa ni gharama hiyo kuandikwa mahali pake. Msako ni ulinzi wa mazao, na anayelipia ni yule ambaye mazao yake yamelindwa, awe anakula nguruwe au hali. Njia ya haki ni mchango kwa kadiri ya ekari zilizo katika eneo la msako, ukubaliwe na mkutano mkuu na kuingizwa katika makisio ya mwaka. Mwenye nusu ekari asitoze sawa na mwenye ekari kumi. Kukata fedha hizo katika malipo ya korosho au ufuta bila azimio la mkutano ni makato haramu, hata kama kila mtu kijijini anajua nguruwe walikuwapo. Nyama ikipatikana, na ikiwa njia halali ya kuiuza ipo, mapato yake yaandikiwe stakabadhi na kupunguza mchango wa wote. Ikiwa njia hiyo haipo, safu ya mapato iachwe wazi, na mchango ukadiriwe bila kuitegemea.

Vyama vingine huona ni rahisi kuwalipa wasasi kwa nyama yenyewe. Mbali na swali la sheria, malipo hayo yana kasoro katika kazi. Msasi anayelipwa kwa nyama atachagua dume kubwa lililo karibu na barabara, na akishapata mzigo wa kumtosha atarudi nyumbani, majike na watoto wakibaki kichakani. Afadhali ujira wa siku unaojulikana, ukiwa na sharti la eneo litakalosakwa, kichaka kwa kichaka, na jina la mtu wa kamati atakayehakikisha.

Katika afya maneno ni machache. Nguruwe mwitu na ngiri huweza kubeba virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika bila wao kuugua, ilhali nguruwe wa kufugwa hufa kwa wingi na ugonjwa huo hauna tiba. Ulielezwa kwa mara ya kwanza kutoka Kenya mwaka 1921. Mzoga, damu na mabaki visikaribie banda la mfugaji yeyote. Vifukiwe kwa kina. Nyama ipikwe hadi iive kabisa, kwa kuwa huweza kuwa na minyoo isiyoonekana kwa macho, na mkaguzi wa nyama aitwe kabla haijagawanywa.

Wapo wanachama wanaopunguza haja ya misako kwa kulima bega kwa bega, mashamba yakishikana badala ya kutawanyika kila moja ndani ya pori lake. Mpaka wa kulinda huwa mfupi, kichaka cha kati hufyekwa, na wigo mmoja wa miti huwatosha watu kumi. Kazi hiyo nayo ina siku zake, lakini hufanywa wakati wa kiangazi ambapo siku si ghali.

Katibu anayetarajia msako msimu ujao afungue ukurasa mmoja katika daftari lake sasa, mashamba yakiwa bado hayajapandwa. Aandike orodha ya mashamba yaliyo katika eneo na ekari zake, tarehe ya barua kwa afisa wanyamapori na ya jibu lake, majina ya watakaotoka kila siku, idadi ya risasi zilizotolewa na zilizorudi, wanyama waliouawa na mahali walipozikwa au kupelekwa. Mkaguzi atakapokuja atauliza ukurasa huo kwanza, kabla ya kuuliza fedha.