Mpinzani wa Lazima

Pambano la Riyadh huwakuta wakazi wa Langas bado wako macho. Saudi Arabia na Kenya zinatumia saa moja, kwa hiyo mabondia wa uzito wa juu wanapopanda ulingoni kule usiku wa manane, Eldoret nayo ni usiku wa manane. Las Vegas ni taabu: kengele ya raundi ya kwanza hulia huku Jumapili asubuhi, watu wakielekea kanisani. Katika vibanda vya kuonyesha mechi vya mtaa huu ulio kusini mwa jiji, ndondi husubiri Ligi Kuu ya Uingereza imalizike, na wanaobaki kwenye mabenchi ni wenye mikeka na wenye ubishi. Ubishi wenyewe huanza miezi mingi kabla ya ngumi ya kwanza kurushwa: bingwa atakubali kupigana na huyu aliyepangiwa, ama atamkwepa?

Watu wa Eldoret hawahitaji kufundishwa kwamba kuwa wa kwanza kwenye orodha si sawa na kupewa nafasi. Mwaka 2011 Geoffrey Mutai alikimbia marathoni ya Boston kwa saa 2:03:02, na Patrick Makau akavunja rekodi ya dunia Berlin kwa 2:03:38. Mwaka uliofuata, timu ya Kenya ya Olimpiki ya London ilipotajwa, wote wawili hawakuwemo. Walikuwa wameshindwa kumaliza mbio zao za Aprili, na kamati ikaamua. Dhahabu ikaenda kwa Stephen Kiprotich wa Uganda, aliyekuwa akifanya mazoezi Kaptagat, si mbali na hapa.

Ndondi za kulipwa zina kamati nne, na hapo ndipo mambo yanapochanganya. WBA, WBC, IBF na WBO kila moja ina mkanda wake, orodha yake na ada yake. Kila chama hupanga majina ya mabondia kwenye orodha yake. Anayefika juu na kuidhinishwa huitwa mpinzani wa lazima, na bingwa hutakiwa kumpa pambano ndani ya muda uliowekwa, kwa kawaida kati ya miezi tisa na mwaka mmoja. Kwa maandishi, hakuna ujanja. Bingwa asipopigana, anavuliwa mkanda.

Amri ikishatolewa, kambi mbili hupewa muda wa kuzungumza, mara nyingi siku thelathini. Wakielewana, vizuri. Wasipoelewana, chama huitisha zabuni: mapromota huleta bahasha zilizofungwa, kila moja na kiasi ambacho mwenyewe yuko tayari kulipa kuandaa pambano, na bahasha nono ndiyo inayoshinda. Fedha hugawanywa kwa asilimia zilizopangwa, bingwa akichukua sehemu kubwa. Chama nacho hukata chake kwenye malipo ya mabondia, aghalabu karibu asilimia tatu. Hii asilimia tatu ni ya kukumbukwa, maana ndiyo inayoeleza kwa nini vyama vinavyopenda kutaja sheria huwa na huruma nyingi kwa bingwa anayejaza uwanja.

Muulize Dillian Whyte. Mwingereza huyu mzaliwa wa Jamaika alikaa kileleni mwa orodha ya WBC zaidi ya siku elfu moja bila kupewa pambano la ubingwa. Deontay Wilder aliushika mkanda huo mpaka Februari 2020 na hawakukutana hata mara moja. Whyte akaendelea kupigana ili asikae bure, na Agosti mwaka huohuo Alexander Povetkin akamwangusha kwa ngumi moja katika raundi ya tano. Ikambidi arudiane naye Gibraltar Machi 2021, ashinde, kisha aanze kungoja upya. Januari 2022 bahasha zilipofunguliwa hatimaye, promota Frank Warren alikuwa ameweka dola 41,025,000. Asilimia kumi iliwekwa kando kwa ajili ya mshindi, na zilizobaki zikagawanywa themanini kwa ishirini: bingwa Tyson Fury zaidi ya dola milioni 29, Whyte milioni 7 na ushei. Aprili 23, mbele ya watu wapatao 94,000 Wembley, Fury alimmaliza katika raundi ya sita.

Hapo ndipo penye jibu la ubishi wa kibandani, au angalau nusu yake. Bingwa humkabili mpinzani wa lazima pale ambapo hakuna mtu mwingine anayelipa zaidi. Whyte alipata pambano lake wakati mipango mikubwa zaidi ya Fury ilipokwama. Pambano na Anthony Joshua lilikuwa limezungumzwa mwaka mzima likaanguka.

Nusu ya pili ni thamani ya mkanda machoni pa mwenyewe. Desemba 1992 Riddick Bowe alikuwa na mwezi mmoja tu tangu amshinde Evander Holyfield. WBC ilimtaka apigane na Lennox Lewis. Bowe alikwenda London, akaita waandishi wa habari, akautia mkanda wa WBC kwenye pipa la takataka. Wengi walicheka, lakini hesabu yake haikuwa ya kichaa: alibaki na mikanda mingine miwili, na Lewis alikuwa tayari amemsimamisha Donovan Ruddock katika raundi ya pili. Tena walikuwa wanajuana. Lewis alimpiga Bowe katika fainali ya Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, michezo ileile ambayo Robert Wangila wa Kenya alimwangusha Laurent Boudouani wa Ufaransa na kutwaa dhahabu ya uzito wa welta. Lewis na Bowe hawakukutana tena ulingoni.

Kabla ya Bowe kulikuwa na Leon Spinks. Alimshinda Muhammad Ali Februari 1978, WBC ikamwamuru apigane na Ken Norton, yeye akachagua kurudiana na Ali kwa sababu fedha zilikuwa kwa Ali. Machi akavuliwa. Norton akatangazwa bingwa bila kurusha ngumi, na Juni akalipoteza taji kwa Larry Holmes. Uzito wa juu ukawa na mabingwa wawili, na tangu hapo ni nadra kukuta mmoja.

Aliyewahi kuwa huyo mmoja karibuni ni Oleksandr Usyk wa Ukraine. Mei 2024 alimshinda Fury mjini Riyadh akakusanya mikanda yote minne. Mwezi uliofuata akauachia mkanda wa IBF, kwa kuwa chama hicho kilimtaka apigane na mpinzani wake na Usyk alikuwa na pambano la marudiano na Fury kwenye mkataba. Daniel Dubois akapewa mkanda. Julai 2025 Usyk alimwangusha Dubois Wembley katika raundi ya tano, akaupata tena mkanda huo, na siku chache tu baadaye WBO ikamwamuru akabiliane na Joseph Parker wa New Zealand.

Kisa cha Parker kinagusa upande wetu wa dunia. Februari mwaka huo alikuwa apigane na Dubois mjini Riyadh kwa ajili ya mkanda wa IBF. Zikiwa zimebaki siku mbili Dubois akaugua. Simu ikapigwa Kongo, alikokuwa Martin Bakole, mzaliwa wa Kananga aliyekuwa akifanyia mazoezi yake Scotland, ambaye miezi sita kabla alikuwa amemvunjavunja Jared Anderson mjini Los Angeles. Bakole ni aina ya bondia ambaye mabingwa hawana haraka ya kumtaja: mkubwa, mwenye ngumi nzito, na asiye na nchi tajiri nyuma yake ya kununua tiketi. Akapanda ndege, akafika saa chache kabla ya pambano, akapimwa uzito unaokaribia kilo 143. Parker alimmaliza katika raundi ya pili. Bakole alilaumiwa kwa kukosa maandalizi, na ni kweli hakuwa nayo. Lakini bondia wa daraja lake huitwa namna hiyo, kwa dharura, na akikataa hajui simu ya pili itakuja lini.

Parker naye aliposhinda alidhani foleni imekwisha. Usyk akasema mgongo unamuuma, akaongezewa muda. Parker akachoka kungoja, akakubali kupigana na Fabio Wardley London Oktoba 25, na raundi ya kumi na moja refa akalisimamisha pambano. Nafasi ya lazima ikahamia kwa Wardley. Novemba Usyk akauachia mkanda wa WBO, na Wardley akawa bingwa akiwa nyumbani. Wapo waliomwita Usyk mwoga. Hoja hiyo ni nyepesi. Mtu aliyewapiga Joshua, Fury na Dubois mara mbili mbili hakwepi ngumi za mtu. Amefika mahali ambapo mkanda unamhitaji yeye kuliko yeye anavyouhitaji.

Kwa hiyo mwenye mkeka asisikilize sana maneno ya mkutano wa waandishi. Atazame kama tarehe ya zabuni imetangazwa. Atazame kama bingwa ana mkanda mmoja au mitatu, kwa sababu mwenye mmoja huushikilia. Na neno “jeraha” likitokea ghafla mara tu baada ya amri, asiweke hela.

Bingwa asiye na fedha nyuma yake huishi maisha mengine kabisa. Fatuma Zarika wa Nairobi aliutwaa mkanda wa dunia wa WBC wa wanawake, uzito wa super bantam, kwa kumshinda Alicia Ashley mjini Flint, Marekani, Oktoba 2016. Desemba 2017 aliutetea Nairobi dhidi ya Catherine Phiri wa Zambia. Pambano lililofuata halikuja Kenya: Septemba 2018 alisafiri hadi Mexico kumkabili Yamileth Mercado mbele ya watu wa kwao Mercado, akashinda, na Desemba akarudi kumpiga Phiri tena Nairobi. Novemba 2019 alisafiri tena kumfuata Mercado yuleyule, Mexico ileile, na safari hiyo majaji wakampa Mercado ushindi. Zarika alikuwa ndiye bingwa, lakini aliyekata tiketi ya ndege ni yeye, kwa sababu promota mwenye fedha alikuwa upande wa pili.