Jinsi ya kupata gesi zaidi kutokana na kinyesi cha binadamu

WAKAZI wa Migori na Homa Bay wanakabiliwa na matatizo mawili ambayo huenda yakatatuliwa kwa pamoja: gharama ya kuni na uchafu wa vyoo unaosombwa na mvua hadi mitoni na katika Ziwa Victoria. Mnamo 2015, kaunti hizo zilikuwa miongoni mwa zile zilizokumbwa na mkurupuko wa kipindupindu.

Mtambo wa biogesi hupeleka kinyesi katika tangi lisilopitisha hewa. Humo bakteria hukiozesha na kutoa gesi, ambayo asilimia 50 hadi 70 yake ni methani inayoweza kupikia.

Tatizo ni kiasi. Kinyesi cha mtu mmoja hutoa takriban lita 20 hadi 30 za gesi kwa siku. Familia ya watu sita haifikishi lita 200, ilhali mapishi yake huhitaji lita 1,000 au zaidi. Ndiyo maana mitambo hii hufaa zaidi penye watu wengi. Rwanda iliijenga magerezani, ikianzia Cyangugu mnamo 2001, na kupunguza matumizi ya kuni. Mtaani Kibera, Nairobi, shirika la Umande Trust lilijenga vyoo vya umma vya aina hiyo.

Hata hivyo, gesi yaweza kuongezwa. Bakteria hao hustawi penye kaboni mara 20 hadi 30 ya naitrojeni, lakini katika kinyesi cha binadamu kaboni ni takriban mara nane tu. Naitrojeni ikizidi hugeuka amonia, nayo huwadhoofisha bakteria.

Dawa yake ni kuchanganya kinyesi na samadi ya ng'ombe pamoja na mimea yenye kaboni, kama vile mabua ya mahindi, ambayo hayakosekani Migori. Magugumaji yanayozisumbua fuo za Homa Bay pia hufaa. Yote sharti yakatwekatwe vipande vidogo, la sivyo yataelea na kuziba mtambo.

Maji nayo yasizidi, kwani husukuma kinyesi nje kabla hakijaoza. Maji ya kuogea na dawa za kusafishia vyoo zisiingie tangini, kwa sababu huua bakteria. Tangi likizikwa ardhini, joto lake halibadilikibadiliki usiku na mchana.

Tope linalotoka ni mbolea nzuri, lakini si salama moja kwa moja, kwani mayai ya minyoo huweza kusalia hai. Lisimwagiwe sukumawiki, bali ligeuzwe mboji kwanza au litiwe kwenye miti.

Kwa hivyo, shule ya bweni inayopanga kujenga mtambo yapaswa kuamua mapema ni nani atakayekatakata mabua na kulisha tangi kila siku. Bila mtu huyo, jiko litarudi kwenye kuni.