Kinoo cha Safari: Unalipia Nini?

Katika mitaa ya Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi, mnoa visu wa baiskeli bado yupo. Anakanyaga pedali, jiwe la mviringo linazunguka, cheche zinaruka, na kisu kinarudi jikoni kikiwa na makali. Kwa mama lishe au mwenye bucha, huduma hiyo inatosha. Mpishi wa msafara wa Kilimanjaro, mvuvi aliyepiga dago kisiwani, au mwongoza watalii aliye kambini mbali na mji hana wa kumwita. Huyo ndiye mteja anayewindwa na watengenezaji wa vinoo vidogo vya kubeba.

Biashara hii ina mizizi mirefu Marekani. Kampuni ya Smith's ilianzia Hot Springs, Arkansas, mwaka 1886, kwa sababu milima ya huko ina novakulaiti, jiwe ambalo karibu lote ni silika. Linatoa makali safi, ila halina haraka. Mambo yalibadilika baada ya General Electric kutangaza mwaka 1955 kwamba imefaulu kutengeneza almasi kiwandani. Kampuni ya DMT ya Massachusetts ilijijengea jina kwa vinoo vya almasi kuanzia miaka ya 1970, na leo sehemu kubwa sana ya almasi za viwandani duniani inatoka China, hasa jimbo la Henan. Ndiyo maana kitu chenye jina la kifahari namna hii kinaweza kuuzwa kwa bei ambayo mpishi anaimudu.

Bei ndiyo inayowapoteza wengi. Kwa takriban dola 10 za Marekani unapata kinoo cha mfuko chenye mfereji wa umbo la V: unapitisha kisu mara tatu, kinakata. Ndani yake mna vipande viwili vya kabaidi ya tangsteni. Kabaidi hiyo ni ngumu kuliko kisu chochote cha chuma, na hapo ndipo hasara ilipo, kwa kuwa hainoi bali inakwangua. Tazama mezani baada ya kunoa utaona nyuzi za chuma zilizojikunja. Kisu kilichogharimu fedha nyingi kinaliwa upana wake msimu hadi msimu, na pembe ya makali ni ile aliyoichagua mwenye kiwanda, hata kama kisu chako kilitengenezwa kiwe chembamba zaidi. Kwa dharura, sawa. Kwa kazi ya kila siku, mimi sikishauri.

Fedha yangu ningeiweka kwenye kibao bapa cha almasi. Chenga za almasi hushikizwa juu ya chuma kwa nikeli, hivyo kibao hakichimbiki kama jiwe na hakihitaji mafuta; maji kidogo yanatosha, na yakikosekana unaweza kunoa kikavu kisha ukakifuta. Adui wake ni mkono mzito. Ukikandamiza, chenga zinang'oka, na zikishang'oka hazirudi. DMT hutofautisha vibao kwa rangi: buluu ina chenga za maikroni 45, nyekundu 25, kijani 9. Mpishi wa porini anahitaji nyekundu kwa kazi za kawaida, na buluu pale kisu kilipobutuka kabisa. Fällkniven ya Sweden inauza kipande cha DC4, chenye almasi upande mmoja na kauri upande wa pili, chenye urefu wa sentimita 10 hivi. Kwenye Kilimanjaro, ambako mzigo wa mpagazi umewekewa kikomo cha kilo 20, udogo huo una maana.

Asiyeuamini mkono wake aangalie Work Sharp ya Ashland, Oregon, inayomilikiwa na Darex, watu waliojulikana kwanza kwa mashine za kunoa biti za dreli. Kinoo chao cha safari kina vibao viwili vya almasi, kijiti cha kauri na kipande cha ngozi, pamoja na miongozo inayokishikilia kisu katika nyuzi 20. Bei yake ni kati ya dola 30 na 40. Kwa mwenye kambi inayobadilisha wapishi kila msimu, ni fedha iliyotumika vizuri.

Muuzaji wa Moshi au Arusha anayeagiza vibao visivyo na jina avikague kabla ya kulipia shehena: aweke rula juu ya kibao na kukielekeza kwenye mwanga. Mwanga ukipenya katikati, kibao kimepinda, na wateja watarudi kulalamika.

Ugumu wa chuma nao uulizwe. Kwa kipimo cha Rockwell, visu vingi vya jikoni viko karibu na 56, vya porini vya bei ya juu hufika 58 hadi 62, na panga nyingi haziufiki 50. Anayebeba panga tu, kwa kuni na kufyeka njia, hana haja ya almasi. Tupa ya fundi, yenye ugumu wa karibu 65, inaling'ata panga vizuri na inapatikana kila duka la vifaa vya ujenzi. Aifunge kwa kitambaa kikavu, kwa sababu kutu hula meno yake haraka.