Kibanda cha Lincoln ambacho si cha Lincoln

Wiki iliyopita pale kwenye vimbweta ulizuka ubishi uliotulaza na njaa, maana mpaka tunamaliza kantini walishafunga. Swali lilikuwa jepesi: jengo la kumbukumbu likigundulika ni feki, libomolewe au liachwe? Aliyelianzisha katoka darasa la urithi wa kale, na mfano wake ulikuwa kibanda kimoja cha magogo kule Kentucky, Marekani. Nikarudi chumbani nikakisoma vizuri. Wanazuoni wenzangu, kisa chenyewe ndiyo hiki, na mjue mapema kwamba mimi nina upande.

Tuanze na mwenye kibanda. Abraham Lincoln, Rais wa 16 wa Marekani, alizaliwa tarehe 12 Februari 1809 kwenye shamba lililoitwa Sinking Spring, karibu na mji wa Hodgenville. Baba yake, Thomas, alilinunua mwishoni mwa 1808. Nyumba ilikuwa chumba kimoja cha magogo, sakafu ya udongo, moto upande mmoja. Hawakukaa sana. Hati ya shamba ilikuwa na mgogoro (migogoro ya ardhi haikuanzia kwetu), na mwaka 1811 wakahamia Knob Creek, maili chache kutoka hapo. Abraham alikuwa na umri wa miaka miwili tu. Hakuna aliyekitunza kibanda walichokiacha, kwa sababu hakuna aliyekuwa na sababu ya kukitunza. Nani angejua?

Hapo inabidi tuelewe nyumba za aina hii zinavyojengwa, maana ujanja wote wa baadaye unatokana na ujenzi wenyewe. Unakata miti, unachonga magogo kwa shoka na tezo, halafu kila gogo unalikata pengo karibu na ncha ili lile la juu likae ndani ya la chini pembeni mwa nyumba. Uzito wenyewe ndio unaoshika ukuta, misumari haina kazi kubwa. Nafasi kati ya gogo na gogo unaziba kwa vipande vya mbao na mawe, kisha unakandika udongo. Aliyewahi kuona bibi yake akikandika nyumba ya fito haelezwi zaidi. Faida yake ni kwamba ukuta huo unaweza kufumuliwa gogo moja moja, ukayapa namba, ukayapakia kwenye gari na kuusimamisha tena mahali pengine. Nyumba ya matofali huwezi kuifanyia hivyo.

Tena si Waingereza walioileta. Watu wengi, Wamarekani wenyewe wakiwemo, wanadhani wahamiaji wa Jamestown mwaka 1607 na wa Plymouth mwaka 1620 walijibanza kwenye vibanda vya magogo. Hapana. Wao walijenga kwa nguzo na mbao kama walivyozoea kwao. Ujenzi wa magogo uliletwa na Waswidi na Wafini waliofika bonde la mto Delaware kuanzia 1638, watu wa nchi za misitu na baridi, na baadaye Wajerumani wakauongezea nguvu. Mtafiti Harold Shurtleff aliandika kitabu kizima kuubomoa uzushi huo, kikatoka mwaka 1939.

Sasa kwa nini uzushi ulishika namna hiyo? Siasa. Mwaka 1840 gazeti la upande wa pili lilimkejeli mgombea urais William Henry Harrison kwamba mzee huyo apewe tu pipa la pombe akajikalie kwenye kibanda chake cha magogo. Watu wake wa kampeni wakaidaka kejeli na kuigeuza bendera: vibanda vidogo vikakokotwa kwenye maandamano, pombe ikamwagika, na Harrison akauzwa kwa wapiga kura kama mtoto wa maskini. Ukweli ni kwamba alizaliwa kwenye jumba la matofali huko Virginia, baba yake akiwa mtu mkubwa aliyetia sahihi Azimio la Uhuru. Akashinda. Msomaji ambaye amewahi kuona mgombea wa serikali ya wanafunzi akishushwa na gari la nyumbani nyuma ya geti, kisha akaja jukwaani na ndala, atanielewa.

Baada ya hapo kibanda cha magogo kikawa cheti cha uongozi. Lincoln yeye alikuwa nacho kweli, ila cheti chenyewe hakikuwepo tena.

Mwaka 1894 mfanyabiashara wa New York, A. W. Dennett, akalinunua shamba la Sinking Spring akitaka kulifanya kivutio. Watu waje kuona nini, wakati pale hakuna nyumba? Wakala wake, James Bigham, akanunua nyumba ya magogo ya jirani, iliyosemekana kuwa na magogo ya kile kibanda cha mwanzo, akaifumua na kujenga kibanda kwenye shamba. Wageni hawakuja kama walivyotarajia, basi kibanda kikawafuata wageni. Mwaka 1897 kilikuwa kwenye maonyesho ya Nashville, kikiwa pamoja na kibanda kingine kilichodaiwa kuwa cha Jefferson Davis, kiongozi wa majimbo ya kusini yaliyopigana na Lincoln, ambaye naye alizaliwa Kentucky mwaka mmoja nyuma. Mwaka 1901 vyote viwili vikaonekana tena Buffalo. Halafu magogo yakafungiwa stoo huko New York, na inaelezwa kwamba kwenye safari hizo ya vibanda hivyo viwili yalichanganyika.

Mwaka 1906 kikaundwa chama cha kulinunua na kulihifadhi shamba, wajumbe wake wakiwemo watu kama Mark Twain. Kikanunua magogo kwa dola 1,000, kikakusanya viapo vya wazee wa eneo lile kwamba ndiyo yenyewe, na kikachangisha zaidi ya dola 350,000 kutoka kwa wananchi zaidi ya laki moja. Hapa huwa nawahurumia. Watu laki moja walitoa kidogo walichonacho kwa moyo safi, wakiamini wanaokoa kitu cha kweli. Rais Theodore Roosevelt aliweka jiwe la msingi tarehe 12 Februari 1909, Rais Taft akazindua mwaka 1911. Msanifu John Russell Pope akajenga hekalu la mawe lenye nguzo za Kigiriki na ngazi 56, moja kwa kila mwaka wa maisha ya Lincoln. Humo ndani kikasimamishwa kibanda. Kilipoonekana kinabana njia ya wageni, wakakipunguza, kutoka futi 16 kwa 18 hadi futi 12 kwa 17. Yaani kitu kinachoitwa kitakatifu kikapigwa msumeno ili kienee ndani ya kasha lake!

Mashaka yalikuwepo tangu zamani. Hata Robert, mtoto wa Lincoln, hakukiamini. Mwaka 1948 Roy Hays alichapisha makala kwenye jarida la masomo ya Lincoln, akifuatilia mauziano na viapo hatua kwa hatua, na mlolongo ukamkatikia mikononi. Wazee walioapa walikuwa wanakumbuka walichosimuliwa, kuhusu nyumba iliyoachwa karibu karne nzima nyuma.

Jibu la mwisho likatoka kwenye mti wenyewe. Mti wa nchi zenye majira ya baridi huongeza pete moja kila mwaka, pana mwaka wa mvua, nyembamba mwaka wa ukame. Mfuatano huo ni kama alama za vidole. Unatoboa gogo kwa keekee yenye uwazi katikati, unatoa kijiti chembamba kama penseli, unalinganisha pete zake na mfuatano unaojulikana wa miti ya eneo lile, na pete ya mwisho chini ya gome inakupa mwaka mti ulipokatwa. (Kwetu tropiki miti mingi haina pete zinazosomeka hivyo, ingawa mninga unajitahidi.) Vipimo vilifanyika mwaka 2004. Gogo la zamani kuliko yote lilirudi hadi 1848. Mwaka huo Lincoln alikuwa na miaka 39, ni mbunge, yuko Washington.

Mwenzetu pale kwenye vimbweta akasema: basi kichomwe. Mimi nakataa. Kibanda hakisemi tena kuhusu 1809, lakini kinasema mengi kuhusu 1895, 1906 na 1911, kuhusu taifa lililotaka ushahidi wa hadithi yake mpaka likaununua. Huo nao ni urithi, mradi kibao kiseme kweli. Na sasa kinasema: Idara ya Hifadhi za Taifa ya Marekani inakiita kibanda cha mfano, si mahali alipozaliwa Lincoln. Nilichukia tu kwamba ilichukua muda mrefu hivyo, wakati makala ya Hays ilikuwa kwenye maktaba yoyote nzuri.

Kitu kimoja kilinisikitisha zaidi ya kibanda. Karibu na kilima kile palikuwa na mwaloni uliotumika kama alama ya mpaka wa shamba, umeandikwa kwenye upimaji wa 1805, miaka minne kabla Lincoln hajazaliwa. Huo ulikuwa shahidi halisi, ulio hai, na haukujengewa hekalu. Ulikufa mwaka 1976. Kilichobaki cha kweli ni chemchemi iliyolipa shamba jina lake, ambako familia ile ilichota maji. Ipo chini ya kilima, ndani ya shimo la mawe, maji yanadondoka kama zamani, na mgeni anashuka ngazi chache tu kuifikia.