Israfu Katika Mavazi ya Idd

Kila Idd inapokaribia, maduka ya nguo hufurika watu. Hata kabati likiwa limejaa, mtoto huambiwa kwamba bila nguo mpya hana Idd, na wapo wazazi wanaokopa ili wasichekwe na majirani. Ijumaa hii tujiulize: nguo hiyo imegharimu nini kabla haijatufikia?

Tutazame Bahari ya Aral, baina ya Kazakhstan na Uzbekistan, nchi ambazo wakazi wake wengi ni Waislamu wenzetu. Mwaka 1960 ilikuwa ziwa la nne kwa ukubwa duniani. Tangu miaka hiyo, serikali ya Kisovieti iliyachepusha maji ya mito inayolilisha, Amu Darya na Syr Darya, ili kumwagilia mashamba, hususan ya pamba. Ziwa likarudi nyuma mwaka baada ya mwaka. Leo huko Moynaq, uliokuwa mji wa wavuvi, meli zimelala juu ya mchanga, na upepo hupeperusha vumbi la chumvi na sumu za mashambani hadi majumbani mwa watu.

Inakadiriwa kwamba shati moja la pamba hutumia lita 2,700 za maji. Anayekunywa lita 3 kwa siku, maji hayo yangemtosha siku 900. Basi anayetupa shati lisilochakaa hatupi kitambaa peke yake.

Uislamu haukatazi kupendeza. Katika Surat Al-A'raf, aya ya 31, Mola wetu anatuamuru tujipambe tuendapo kwenye ibada, na katika aya hiyo hiyo anatukataza israfu. Sunna ya Idd ni kuvaa nguo iliyo bora katika tulizo nazo, na iliyo bora si lazima iwe mpya. Kanzu ya mwaka jana, ikifuliwa na kupigwa pasi, yatosha.

Mwaka 2005 huko Kazakhstan lilikamilika bwawa lililozuia maji ya upande wa kaskazini wa ziwa hilo. Maji yakapanda, samaki wakarejea. Kumbe kilichoharibiwa kwa pupa chaweza, japo kwa sehemu, kutengenezwa kwa subira. Nasi tuanze majumbani: tufungue makabati kabla ya pochi, iliyochanika ishonwe, inayombana kaka apewe mdogo wake, na ya ziada apewe yatima ingali nzuri.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye kushukuru neema Zake, wala asitujaalie kuwa miongoni mwa wafujaji. Amin.